MADA: LigaSure na Harmonic, au dayathemi na uzi wa kufunga, katika upasuaji wa saratani ya titi: wapi pesa inalipa?

Kwapa_Salama

Wakuu salaam. Idara ikitaka kununua mashine ya kuziba mishipa kwa ajili ya upasuaji wa titi, swali la kwanza la uongozi huwa ni bei. La pili ni kama mgonjwa atapata nafuu yoyote, na hilo ndilo naomba tulichambue hapa.

Nazungumzia kuondoa titi lote pamoja na tezi za kwapa, kwa sababu huko ndiko wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanakoishia kutokana na kufika hospitali uvimbe ukiwa umeshakua. Upande mmoja kuna dayathemi ya kawaida (penseli ya umeme inayokata na kuziba kwa joto), kibano na uzi wa kufungia mishipa. Upande wa pili kuna vifaa vya kuziba na kukata mishipa: LigaSure, Harmonic na nyinginezo. Tuangalie muda, damu, majimaji ya dreni (mirija ya kutoa maji jerahani), seroma (maji yanayojaa chini ya ngozi), usalama wa neva. Mwenye ujuzi aweke alichonacho.

MpiniNaUbapa

Shukrani kwa mada hii mkuu. Nianze na namna zinavyofanya kazi, maana makosa mengi yanatokana na kuzichukulia zote kama dayathemi ya bei ghali.

Dayathemi ya monopola hupitisha umeme kutoka ncha ya penseli, kupitia mwili wa mgonjwa, hadi bamba lililobandikwa pajani. Joto kwenye tishu hufika nyuzi 150 hadi 400. Tishu inaungua na kuacha gamba jeusi, na gamba hilo ndilo kizibo. Likibanduka, damu inarudi. Kwa vimishipa vidogo vya milimita moja hivi linatosha. Kikubwa zaidi ya hapo kinataka kibano na uzi.

LigaSure ni bipola, umeme unapita kati ya taya zake mbili tu. Taya zinabana, mashine inasoma ukinzani wa tishu na kurekebisha nguvu yenyewe, kolajeni na elastini (protini za kuta za mshipa) zinayeyuka na kuungana, na taya zinaendelea kubana mpaka muungano ukae. Unabaki ukanda mwembamba unaopitisha mwanga. Imeidhinishwa kwa mishipa hadi milimita 7.

Harmonic haipitishi umeme mwilini. Ubapa wake unatetemeka mara 55,500 kwa sekunde, protini za tishu zinapoteza umbo na kuwa utomvu unaonata, na mshipa unazibwa na utomvu huo huku ukikatwa papo hapo. Joto la tishu ni nyuzi 50 hadi 100, chini sana kuliko dayathemi. Vishikio vingi vinavyotumika kwenye upasuaji wa wazi, kama Harmonic Focus, ni vya mishipa hadi milimita 5. Thunderbeat ya Olympus inachanganya mtetemo na bipola katika kishikio kimoja.

Mishipa mingi ya kwapani inaingia ndani ya vipimo hivyo, kwa hiyo ukubwa wa mshipa si hoja ya kuchagulia mashine. Hoja ni neva zilizo karibu, mafuta na limfu.

Vena ya kwapa yenyewe haipelekewi kifaa chochote kati ya hivi. Tawi linalotoka kwake likamatwe milimita 3 hadi 5 mbali na ukuta wa vena. Ukilibana kwenye shina kabisa, joto linaingia kwenye ukuta wa vena, na tundu likijitokeza hapo baadaye hakuna mahali pa kuweka kibano. Tawi nene na fupi, lifunge kwa uzi. Hata mwenye mashine ya gharama kubwa afunge kwa uzi.

MwanaMMed

Dokta, na kwenye kunyanyua ngozi? Nimeona wengine wanatumia Harmonic tangu mkato wa kwanza mpaka mwisho.

MpiniNaUbapa

Hapo sioni faida inayolingana na gharama. Tabaka kati ya mafuta ya chini ya ngozi na tishu ya titi lina vimishipa vidogo tu, na kisu cha kawaida au dayathemi kwenye hali ya kukata vinalimaliza. Taya za kifaa zinabana kipande kidogo kwa mara moja, kwa hiyo unakwenda polepole na mafuta yanayeyuka na kuchafua eneo. Kazi kubwa ya kifaa iko kwapani, kisha kwenye mishipa inayotoboa msuli wa kifua mkubwa pembeni mwa mfupa wa kidari, hasa nafasi ya pili na ya tatu kati ya mbavu. Hiyo ikikatwa bila kuzibwa inajirudisha ndani ya msuli wa mbavu, na anayeifukuza huko kwa ncha ya dayathemi anakaribia pafu. Ishikwe kabla ya kukatwa, ikiwa bado na urefu wa kutosha juu ya msuli.

SistaThieta

Naongeza upande wa meza ya vifaa, maana kifaa kizuri kikishikwa vibaya kinatoa matokeo mabaya kuliko uzi.

Kwa LigaSure: taya zisijazwe tishu hadi mwisho. Tishu ikijaa mpaka kwenye bawaba, shinikizo halilingani na ukanda unakuwa imara upande mmoja tu. Kisivutwe wakati kinaziba, acha tishu ilegee. Subiri mlio wa kumaliza kabla ya kukata. Mashine ikitoa mlio wa hitilafu, fungua taya, angalia, shika upya. Sababu za kawaida za mlio huo ni tatu: taya zimeganda uchafu, taya zimezama kwenye dimbwi la damu au maji, au umebana klipu ya chuma. Kwa mshipa mnene ziba mara mbili zinazopishana kidogo, kisha kata kwenye ukanda wa mbele ili upande wa mgonjwa ubaki na ukanda mpana.

Kwa Harmonic: kitufe cha nguvu ndogo kinaziba vizuri na kukata polepole, cha nguvu kubwa kinakata haraka na kuziba hafifu. Anayebonyeza kubwa kwenye mshipa kwa haraka zake atauona ukivuja. Ubapa usiguse klipu, rekta (chuma cha kuvutia jeraha liwe wazi) wala kibano wakati unafanya kazi, unapata ufa na mashine inakataa. Na hili nalisisitiza kwa wote: ubapa unabaki wa moto baada ya kuachia kitufe, sekunde kadhaa, na baada ya kubonyeza kwa muda mrefu hata zaidi ya nusu dakika. Usiutumie kusukumia tishu wala kuulaza juu ya ngozi. Ushikwe juu ya gozi (kitambaa cha jeraha) yenye maji kwanza.

Taya zifutwe kwa gozi iliyolowa kila baada ya mishiko michache. Usikwangue kwa kisu, unaondoa rangi ya kinga iliyopakwa kwenye taya.

UziNaMkono

Nawaheshimu wakuu, lakini nataka upande wa pili usikike kwa uzito wake. Uzi wa Vicryl 3-0 (unaoyeyuka mwilini), vibano sita vya ncha nyembamba na msaidizi anayejua kuvuta vinatoa kwapa safi bila shida. Mikato ya tabaka ikiwa sahihi, kwapa haina mishipa mingi ya kufunga: matawi machache ya vena ya kwapa yanayoshuka mbele, mishipa ya pembeni ya kifua, na vitawi vya kwenda kwenye tezi kutoka kwenye fungu la thorakodosali (neva na mishipa ya msuli wa latisimasi wa mgongoni). Anayetoka damu nyingi kwapani mara nyingi yuko nje ya tabaka.

Hatua kwa kifupi kwa wanaojifunza. Fungua utando wa pembeni mwa msuli wa kifua mkubwa, kisha mdogo, ukilinda neva ya kifua ya ndani inayozunguka ukingo wake. Tafuta vena ya kwapa na ufanye kazi chini yake tu. Ukipanda juu ya vena unaharibu limfu za mkono na kuongeza hatari ya mkono kuvimba daima. Fuata ukuta wa mbavu upate neva ndefu ya kifua, imelala juu ya msuli wa serato wa ubavuni. Ikikatika, bega litachomoza nyuma kama bawa. Nyuma na pembeni kuna fungu la thorakodosali likiingia msuli wa latisimasi. Kati ya neva hizo mbili ndipo mafuta yenye tezi yanaposhushwa. Neva ya interkostobrakiali inavuka katikati. Ikihifadhika ni vizuri; kwa kuwa huenda isihifadhike, mgonjwa aelezwe mapema kwamba upande wa ndani wa mkono utakufa ganzi.

Mwambie mtu wa ganzi asiongeze dawa ya kulegeza misuli hatua hii. Msuli unaoruka unakuonya kwamba neva iko karibu. Kifaa cha mtetemo hakikupi onyo hilo, kwa sababu hakina umeme wa kuurusha msuli.

MpiniNaUbapa

Hoja ya mwisho ya @UziNaMkono ni ya kweli na haisemwi vya kutosha. Watu wanasikia "joto dogo" wanapeleka ubapa hadi ubavuni mwa neva. Joto la pembeni la LigaSure na Harmonic kwa kawaida ni kati ya milimita 1 na 3, na linaongezeka kadiri unavyobonyeza kwa muda mrefu. Acha nusu sentimita. Ikishindikana, mkasi na uzi.

MwanaMMed

Swali jingine. Kama vifaa hivi vinaziba na limfu, kwa nini seroma bado inatokea?

MpiniNaUbapa

Hili ndilo la msingi katika mada nzima, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Seroma ni majimaji yanayojaa kwenye uwazi uliobaki kati ya ngozi na ukuta wa kifua, au kwapani. Yana limfu ndani na yana maji ya uvimbe wa jeraha. Limfu haigandi kama damu: haina chembe sahani, na vigandishi vyake ni vichache. Gamba la dayathemi linaloziba kapilari ya damu kwa msaada wa kuganda halina msaada huo kwenye limfu. Zaidi ya hapo, mafuta yaliyoungua hufa, mwili unayayeyusha, na maji yanaongezeka. Jaribio la Porter na wenzake la mwaka 1998 lililinganisha kisu na dayathemi katika kunyanyua ngozi: dayathemi ilipunguza damu iliyopotea, lakini seroma zikawa nyingi zaidi. Hapo ndipo matumaini ya vifaa vipya yalipoanzia, kwamba tukipunguza kuungua na kuziba limfu, maji yatapungua.

Matokeo yaliyofuata hayajakaa upande mmoja. Kwa Harmonic, tafiti kadhaa zimeonyesha damu kidogo, maji kidogo kwenye dreni na seroma chache kuliko dayathemi; nyingine hazikuona tofauti. Kwa LigaSure kwapani, faida inayojirudia zaidi ni muda wa upasuaji na kiasi cha maji, na hata hiyo haiko katika kila jaribio. Tafiti nyingi zilikuwa na wagonjwa wachache, na kila timu ilikuwa na tafsiri yake ya seroma: mmoja anahesabu kila uvimbe unaogusika, mwingine anahesabu ule tu uliohitaji kunyonywa kwa sindano. Ndiyo maana viwango vinavyotajwa vya seroma vinatofautiana kupita kiasi.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Hata ukiziba kila limfu, uwazi uko palepale. Ngozi imenyanyuliwa kutoka chini ya mtulinga hadi mkunjo wa chini wa titi, inateleza juu ya msuli kila mgonjwa anapovuta pumzi. Uwazi huo usipofungwa utajaa. Jaribio la SAM la Uholanzi lililinganisha makundi matatu: kufunga kwa kawaida, kubandika ngozi kwa gundi, na kushonea ngozi kwenye msuli. Kundi la kushonea lilipata pungufu ya wazi ya wagonjwa waliohitaji kunyonywa maji. Gundi haikufikia hapo. Na gundi ya fibrini kwa ujumla imeshachunguzwa kwenye mapitio ya Cochrane (yanayojumlisha majaribio mengi) bila kuonyesha kwamba inazuia seroma. Uzi wa Vicryl uliomo kwenye kila kabati umefanya kazi ambayo gundi ya gharama haikuifanya.

Namna ya kushonea: Vicryl 2-0 au 3-0, mishono kila sentimita 2 hadi 3, kwa safu, ukianza mbali na mkato na kurudi kwenye mkato. Shika utando wa chini ya mafuta ya ngozi, kisha utando wa msuli. Usishike ngozi yenyewe, itaonyesha vishimo kwa nje na inaweza kukosa damu. Funga bila kukaza. Kwapani ingiza mishono michache kutoka kwenye ngozi hadi ukuta wa kifua, mbali na neva ndefu ya kifua na fungu la thorakodosali. Inachukua dakika 10 hadi 20, yaani mara nyingi muda uleule ulioupata kwa kutumia kifaa.

Dreni_na_Chupa

Naunga mkono, na dreni isisahaulike. Mbili: moja kwapani, moja chini ya ngozi, kila moja na tundu lake na mshono wake wa kuishikilia. Chupa ikipoteza mvuto hakuna anayejua hadi asubuhi, kwa hiyo zamu ya usiku iangalie mvuto pamoja na kipimo cha maji. Kanuni inayotumika sana ni kuitoa ikifika chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Dreni inayokaa wiki mbili bila mpango inaleta maambukizi.

Mazoezi ya vidole, kiwiko na mkono yaanze kesho yake. Kunyanyua mkono juu ya usawa wa bega kusubiri kama wiki moja; kuanza mapema zaidi kunaongeza maji.

Darubini

Ombi kutoka maabara ya patholojia. Chombo chochote cha joto kinaunguza ukingo wa kipande. Kwenye kutoa uvimbe na kubakiza titi, ukingo ulioungua unatuzuia kusema kama saratani imefika mwisho wa mkato, na kupima vipokezi vya estrojeni, projesteroni na HER2 (vinavyoelekeza tiba) kwenye tishu iliyoungua kunatoa jibu lisiloaminika. Karibu na uvimbe tumieni kisu au dayathemi kwenye hali ya kukata, si ya kugandisha. Tezi za kwapa zisibanwe katikati na taya. Tezi iliyokatwa vipande viwili inaweza kuhesabiwa mara mbili, na tunatafuta angalau tezi 10 kwenye kwapa iliyosafishwa.

Kipande kiwekwe alama za nyuzi, kiingie formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 10 ndani ya saa moja, titi zima likatwe vipande ili dawa ipenye, likae saa 6 hadi 72. Hayo yanabadilisha tiba ya mgonjwa kuliko aina ya mashine.

FundiVifaaTiba

Upande wa mashine. Jenereta ikija kwa mkopo au bure, soma mkataba wa vishikio. Huko ndiko gharama iliko. Vingi vimetengenezwa vitumike mara moja. Desturi ya kuvirudia kwa kuloweka kwenye dawa ina hatari zinazoeleweka kabisa kiufundi: damu inaganda kwenye mfereji wa kisu ambako brashi haifiki, pedi nyeupe ya Harmonic inalika hadi chuma kinakutana na chuma na ubapa unapasuka, taya za LigaSure zinapoteza utando na tishu inanata, ukivuta unang'oa ukanda uliouziba. Ukiona kifaa "kimeanza kuvuja", mara nyingi ni cha safari ya nne au ya tano. Kama bajeti haitoshi kishikio kipya kwa kila mgonjwa, nunueni aina inayoruhusiwa na mtengenezaji kupitia otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), au rudini kwenye uzi.

Na dayathemi mliyo nayo itunzwe. Bamba la mgonjwa libandikwe lote, juu ya msuli wenye nyama, ngozi kavu, bila mfupa unaochomoza. Likibanduka nusu, umeme wote unapita kwenye nusu iliyobaki na ngozi inaungua. Spiriti ya kusafishia ikauke kwanza. Dimbwi lake chini ya kwapa pamoja na cheche ni moto kwenye meza.

MwanaMMed

Mgonjwa mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo je?

MpiniNaUbapa

Hapo Harmonic ina nafasi ya wazi, haina umeme unaopita mwilini. Bipola ni ya pili. Monopola karibu na kifua chenye kifaa hicho iepukwe, na daktari wa moyo ahusishwe kabla.

UziNaMkono

Kwa hospitali isiyo na mashine kabisa kuna njia nyingine ya kupunguza damu: adrenalini miligramu 1 kwenye lita 1 ya maji ya chumvi, yamwagwe kwa sindano ndefu kwenye tabaka la chini ya ngozi kabla ya kukata, kisha ngozi inyanyuliwe kwa mkasi au kisu. Damu inapungua sana na huunguzi mafuta. Tahadhari: mtu wa ganzi ajue kiasi, na ngozi nyembamba ya mgonjwa wa kisukari au mvutaji sigara inaweza kufa kingo. Adrenalini ikiisha nguvu saa chache baadaye, mshipa uliojificha unafunguka. Kwa hiyo kabla ya kufunga, osha kwa maji ya uvuguvugu, presha irudishwe kwenye kiwango cha kawaida cha mgonjwa, na kila nafasi kati ya mbavu ikaguliwe upya.

Kwapa_Salama

Nimenufaika sana wakuu. Basi idara yenye bajeti ndogo ipange vipi?

MpiniNaUbapa

Kwanza mishono ya kushikiza ngozi kwa kila mgonjwa, dreni zenye mvuto wa kweli, na dayathemi iliyopimwa. Hivyo vipate pesa kabla ya mashine. Kisha kifaa kitumike kwa wanaofaidika zaidi: kwapa yenye tezi nyingi zilizoshikana baada ya kemotherapi, mgonjwa mnene mwenye kwapa la kina, mwenye dawa za kupunguza kuganda kwa damu, mwenye kifaa cha moyo. Kwa titi la kawaida na kwapa laini, uzi unatosha.

Hesabu ya dakika ifanywe kwa uaminifu. Dakika 20 zilizookolewa zina thamani pale tu zinapomwingiza mgonjwa mwingine siku hiyohiyo. Kama orodha inaishia saa nane kwa vyovyote, dakika hizo hazijalipa kishikio.

SistaThieta

Na mkianza kulinganisha, andikeni tafsiri ya seroma kwenye daftari kabla ya mgonjwa wa kwanza. Tunayotumia sana ni ile iliyohitaji sindano. Andikeni pia maji ya kila dreni kwa kila saa 24, siku iliyotolewa, idadi ya kunyonya na mililita zake, na kama ngozi ilishonewa msuli au la. Safu hiyo ya mwisho ikikosekana hamtajua ni kifaa kilichosaidia au ni mishono.